Keki bila sukari? Usikimbilie stevia

Stevia, mmea wa majani matamu unaolimwa hata Kericho, hutoa unga ulio mtamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari. Kwa chai hakuna noma, ncha ya kijiko yatosha. Balaa huanza ukiitia kwenye keki.

Sukari haileti utamu pekee. Hushika maji keki isikauke, huisaidia kuinuka ikipigwa pamoja na siagi, na huipa ile rangi ya kahawia. Toa kikombe kizima uweke kijiko kidogo cha stevia, utapakua kitu kikavu, kilichopauka. Afadhali ndizi zilizoiva hadi ganda likaota madoa meusi: ziponde, punguza maziwa kidogo, kisha sukari ikate nusu. Ukitumia asali, shusha moto kwa sababu huungua haraka.

Ila msidanganyane, asali na sukari nguru mwilini bado ni sukari. Na kama shida yako ni uzani, si kisukari, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mnamo 2023 tusitegemee vitamu mbadala, stevia ikiwemo. Umezoea vijiko vitatu kwa kikombe? Shuka hadi viwili wiki hii. Siku za kwanza chai itakuwa kama maji tu, bana.