Namna ya kuchagua skanere ya kutumika na Linux



Wengi wanatuuliza mu njia: franga tulizokusanya mu kila kilasi juu ya kuokoa magazeti ya zamani ya masomo yetu zilienda wapi? Ni haki yenu kuuliza. Tutajibu bila kuficha, na hapohapo tutaeleza kazi ya skanere, ili mwenye kutaka kununua yake asianguke mu shimo tuliloangukia sisi.

Kwanza, sababu ya kazi. Mu kabati ya biblioteke kuko magazeti ya namna mbili. Mengine yalipigwa kwa stensili na mashini ya roneo. Wino ule ni mweusi, uko na mafuta, hautoki upesi; ni karatasi njo inageuka manjano na kuvunjika pembeni. Lakini mengine yalitoka mu mashini ya alkoli, yenye maandiko ya rangi ya violeti. Ile violeti inakufa na mwanga. Karatasi moja iliyobandikwa zamani karibu na dirisha, leo ni nyeupe. Tundu za misumari tu njo zinaonyesha ya kama palikuwa neno. Hakuna dawa ya kuirudisha. Inatupasa kushika picha ya yale yaliyobaki mbele nayo hayajakwisha.

Wala tusiseme karatasi za roneo ni kitu cha bure. Hapahapa mu mji wetu, mwaka 1965, wakati uliitwa bado Elisabethville, mzee André Yav alitengeneza “Vocabulaire” ya mji ule. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni historia ya mji kwa Kiswahili chetu cha hapa, kama walivyoijua watu waliofanya kazi ya uboyi mu nyumba za wazungu. Iliandikwa kwa mashini ya kuandika, ikazidishwa kwa roneo, sawa gazeti hili. Nakala ilifika kwa profesere Johannes Fabian wa Amsterdam, naye mwaka 1990 akaitoa kuwa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kisha maandiko yake yakawekwa mu intaneti. Karatasi chache za roneo, na leo wenye elimu wa inchi nyingi wanazisoma!

Sasa tuungame. Tulienda kununua skanere ya mutumba, na muuzaji akatuambia: “Bana yangu, ile iko muzuri sana, inakubali ordinatere yote.” Mmoja wetu akamuuliza: “Yaya, hata ya Linux?” Akajibu: “Yote ni yote!” Tukalipa. Tulipofika, ordinatere iliiona kama kitu kilichochomekwa, lakini kusoma karatasi ikakataa kabisa. Muuzaji hakurudisha franga. Nusu ya michango yenu ilienda namna hiyo, na kosa ni letu: tulitazama sanduku, hatukutazama jina.

Maana skanere haisemi na ordinatere moja kwa moja. Katikati inaomba programu ndogo ya kutafsiri, ile wanaita piloti. Mu Windows piloti inatoka kwa watengenezaji wa mashini, na mara mingi wakiisha kuacha kutengeneza aina ile, wanaacha piloti yake pia. Windows mupya ikija, mashini nzima inabaki kama tofali. Mu Linux ni tofauti. Kuko mkusanyo mmoja wa piloti unaoitwa SANE, unaotunzwa na watu wa kujitolea, na ndani yake mashini za zamani sana zingali zinatumika. Kwa hiyo kwetu sisi wenye ordinatere za mutumba, skanere ya mutumba inaweza kuwa bora kuliko mupya. Lakini iwe ndani ya liste ya SANE.

Liste ile iko mu intaneti, imepangwa kwa jina la kiwanda na namba ya aina. Mbele ya kila jina kuko neno moja. Ukiona “complete” ao “good”, lipa. Ukiona “unsupported”, rudi nyumbani na franga zako. Angalia namba yenyewe sana, kwa sababu mashini mbili zinaweza kufanana kwa sura kama mapacha, moja inakubaliwa, ingine hapana. Sisi sasa, mbele ya kuingia sokoni, tunaandika mu kitabu namba za aina zinazokubaliwa, na tunageuza mashini kusoma namba chini yake.

Mara ya pili tulipata Canon LiDE 210. Ndugu zake 100, 110, 200 na 220 nazo zinakubaliwa vizuri. Tuliichagua kwa sababu ingine tena: haina haja ya kuchomekwa mu ukuta. Umeme wake unapita mu kamba ile ile ya USB. Umeme ukikatika, ordinatere ya mikono ikiwa na betri, kazi inaendelea. Ninyi wenyewe munajua hilo linamaanisha nini hapa kwetu.

Lakini LiDE iko na uzaifu wake. Ndani yake taa ndogo na macho ya kusoma vimepangwa mu mstari mmoja, vinapita karibu kabisa na kioo. Karatasi ikilala vizuri, picha ni safi. Kitabu kinene kikiinuka katikati, pale kwenye mshono maneno yanakuwa ukungu. Skanere za namna ingine, nene na nzito, ziko na vioo vya kurudisha mwanga na lenzi. Hizo zinaona hata kitu kilichoinuka kidogo, lakini zinaomba umeme wa ukuta. Magazeti yetu ni karatasi za kulala tu, basi LiDE ikatosha. Za Epson, mingi zinaomba programu ya kiwanda chenyewe, nacho kinaitoa hata kwa Linux. Za HP, zingine zinaomba kipande cha kuongeza kutoka mu intaneti. Ufanye hiyo kazi siku intaneti iko.

Kuitengeneza sasa. Mashini nyingine ziko na kifungo kidogo chini, cha kufunga macho yasitikisike mu safari. Tulisahau kukifungua, mashini ikalia kama chuma kinachosagwa, Mama wa biro akakimbia kuja kuona nani anaumia. Kisha kuchomeka, unafungua terminali na kuandika:

scanimage -L

Ikijibu jina la skanere yako, umefika. Soma jibu vizuri! Siku ya kwanza tulipiga makofi bure: jina lililotoka lilikuwa la kamera ndogo ya ordinatere, maana SANE inaihesabu nayo pia. Kama skanere haionekani, weka “sudo” mbele ya neno lile na ujaribu tena. Ikionekana namna hiyo tu, mashini iko muzima; ni wewe huna ruhusa, na mara mingi dawa ni kuingizwa mu kundi linaloitwa “scanner”. Ikikosa hata hapo, badilisha kamba ao tundu la USB mbele ya kulaumu mashini. Kwa asiyependa kuandika maagizo, Simple Scan iko na vifungo vya kubonyeza, inatosha kabisa. Sisi wenye karatasi mingi tunatumia hii:

scanimage --mode Color --resolution 300 -x 210 -y 297 --format=tiff --batch=ukurasa%03d.tiff --batch-prompt

Inangoja ubonyeze Enter, inasoma karatasi moja, inaipa namba, inangoja tena.

Hesabu ya 300 ni alama ngapi mu inchi moja, ni kusema mu santimetre 2,54. Karatasi ya A4 kwa 300 yenye rangi inakula karibu megabaiti 26. Kwa 600 inakula karibu 104, mara ine, si mara mbili, kwa sababu alama zinaongezeka kwa urefu na kwa upana. Kwa roneo nyeusi 300 inatosha. Kwa violeti iliyofifia tunapanda mpaka 600, na daima kwa rangi. Usichukue ile ya nyeusi na nyeupe tu: pale mashini inaamua yenyewe nini ni neno na nini ni karatasi, na violeti dhaifu inatupwa. Tunashika TIFF kuwa asili, na tunatoa PDF ndogo kwa kusoma.

Karatasi nyepesi inaonyesha maandiko ya upande wa pili. Weka karatasi nyeusi mgongoni mwake, yatapungua sana. Toa vyuma vyote vya kushikanisha, vinakwaruza kioo. Na mu miezi ya vumbi, pangusa kioo kwa kitambaa laini. Maji yawekwe ku kitambaa, kamwe ku kioo.

Programu ya Tesseract inaweza kugeuza picha kuwa maandiko, hata kwa Kiswahili. Ku stensili safi imetusaidia. Ku violeti inasoma maajabu, basi tunaandika kwa mikono.

Tumeisha kupitisha kurasa za kabati la kwanza. Franga zilizobaki zitanunua diski ya pili, ili nakala zikae mahali pawili, moja kwa Bwana Prefe, moja mu biblioteke. Mwenye mzazi ao mkubwa aliyesoma hapa, amuulize kama ameshika magazeti nyumbani. Msiyaanike ku jua kwa kuyakausha, na musiyabandike na skoshi. Muyafunge mu bahasha, muyalete siku ya tatu kisha masomo. Tunayasoma mbele ya macho yenu, na munarudi nayo siku ile ile.