Bei ya Mafuta na Safari za Wazamiaji katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mzamiaji wa skuba, mvungu wenyewe ni bahari, na kuinama kwake huanza mbali na ufuo, siku anapoketi kuhesabu nauli. Uzamiaji huu, ambao mtu huufanya akiwa amebeba mtungi wa hewa mgongoni, ulienea duniani baada ya Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan kubuni mwaka 1943 kifaa cha kumpatia mzamiaji hewa ya mtungi kadiri anavyoihitaji. Watu wengi huudhania kuwa mchezo usiohitaji chochote ila maji na pumzi. Ukweli ni kwamba hakuna hatua hata moja ya safari ya mzamiaji isiyotegemea mafuta.

Makala haya yananuia kueleza jinsi kupanda kwa bei ya mafuta kunavyoathiri mipango ya wazamiaji, hususan wale wanaozuru pwani ya Kenya. Hoja kuu ni kwamba mafuta yanapopanda bei, wazamiaji hawaachi kuzamia wote kwa pamoja. Wanachobadilisha ni wakati, mahali na idadi ya safari zao, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua ni nani hatimaye anayebeba mzigo wa gharama.

Mafuta katika Kila Hatua

Hatua ya kwanza ni ya angani. Wengi wa wageni wanaozamia Malindi, Watamu, Diani na Shimoni hutoka ng'ambo, na hawana njia nyingine ya kufika ila ndege. Tarehe 11 Julai 2008, bei ya pipa moja la mafuta ghafi ilivuka dola 147 katika soko la dunia. Mwaka huo mafuta yalimeza takribani theluthi moja ya gharama za uendeshaji za mashirika ya ndege duniani. Mashirika mengi yaliongeza tozo ya mafuta juu ya nauli, na baadhi ya mashirika makubwa ya Marekani yakaanza kutoza hata begi la kwanza la msafiri. Tozo ya mizigo humuumiza mzamiaji kuliko abiria wa kawaida, kwa kuwa vazi lake la mpira, mapezi ya miguuni, kidhibiti hewa na koti la kuelea huweza kujaza begi zima peke yake.

Hatua ya pili ni ya nchi kavu. Mzamiaji anayetoka Nairobi husafiri kwa gari, basi, ndege au treni. Treni mpya ya kwenda Mombasa ilipoanza kazi mwaka 2017, ilionekana kuwa kimbilio la wasafiri wa kipato cha wastani. Hata hivyo, injini zake hutumia dizeli. Kuanzia Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na bei ya mafuta ndiyo iliyotajwa kuwa sababu.

Hatua ya tatu ni ya baharini. Boti huwapeleka wazamiaji hadi kwenye miamba ya matumbawe, huwasubiri na kuwarejesha, na mara nyingi injini yake hutumia petroli. Hatua ya nne husahaulika, nayo ni hewa yenyewe. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa shinikizo linalozidi lile la kawaida mara 200 hubeba takribani lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, huhitaji lita 60 akiwa katika kina cha mita 20, kwa sababu shinikizo huko ni mara tatu. Kwa hesabu hiyo mtungi mzima haumfikishi dakika 40 pindi anapotenga akiba ya kupandia. Mtungi huo hujazwa kwa kompresa, na umeme unapokatika, kompresa huendeshwa kwa jenereta ya dizeli. Kwa hiyo, hata pumzi ya mzamiaji chini ya maji imenunuliwa kwa nishati.

Hesabu ya Boti

Ili kufahamu namna gharama inavyogawanyika, chukua mfano wa boti inayotumia lita 40 za petroli kwenda na kurudi. Lita moja ikiuzwa kwa shilingi 100, mafuta ya safari ni shilingi 4,000. Wazamiaji wakiwa wanane, kila mmoja huchangia shilingi 500. Bei ya lita ikipanda hadi shilingi 200, mchango wa kila mmoja huwa shilingi 1,000. Hadi hapo gharama imeongezeka maradufu, sawa na bei yenyewe.

Lakini iwapo nauli ya ndege nayo imepanda, na nusu ya wageni hao wasije, boti haitapunguza ulaji wake wa mafuta kwa nusu. Itatumia karibu lita zile zile kuwabeba wanne. Sasa kila mmoja anapaswa kuchangia shilingi 2,000. Bei ya petroli imepanda mara mbili, ilhali mchango wa mzamiaji umepanda mara nne. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mafuta humpiga mwenye boti kwa pande mbili: upande mmoja humwongezea gharama, na upande wa pili humpunguzia watu wa kuigawana.

Isitoshe, safari nyingi za wageni huuzwa na mawakala miezi mingi kabla ya tarehe ya kusafiri, kwa bei ambayo imekwisha kuafikiwa. Mwenye boti ambaye amekubali malipo ya bei ya zamani hawezi kumdai mgeni nyongeza akiwa ameshavaa mtungi mgongoni. Huna budi kuuliza, basi, ni nani anayelipa tofauti hiyo. Mara nyingi hulipwa na faida ya mwenye boti, na ikishindikana, hulipwa na siku za kazi za nahodha na mabaharia wake. Boti isiyojaa haing'oi nanga, na kibarua asiyeenda baharini halipwi.

Mipango Inavyobadilika

Mzamiaji hukabiliana na hali hii kwa njia kadha. Kwanza, huunganisha safari fupi kuwa moja ndefu. Zipo sababu za kitabibu zinazoipa nguvu mbinu hii. Mtu aliyezamia hashauriwi kupanda ndege mara moja, kwani naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake huweza kutoa mapovu na kumdhuru shinikizo la hewa linapopungua angani. Wazamiaji wengi husubiri kati ya saa 18 na 24. Siku hiyo ya kukaa bila kuzamia ni ile ile, awe amekuja kwa siku tatu au kumi na nne. Nauli inapokuwa ghali, safari ya siku tatu hupoteza maana.

Pili, huchagua mahali pa karibu. Mzamiaji wa Ulaya ana Bahari ya Shamu upande wa Misri, ambako ndege hutumia saa chache zaidi kuliko kuja Mombasa. Tatu, huacha vifaa vyake nyumbani na kukodi vya mwenyeji. Badiliko hili ni la heri kwa wenye vituo vya kuzamia walio na vifaa vya kutosha. Nne, hujiunga na wenzake ili kujaza boti, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Majira nayo yana nafasi yake. Katika pwani ya Kenya, kipindi kizuri cha kuzamia huanza takriban Oktoba na kuendelea hadi Machi, ambapo bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi ikivuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, mawimbi hupanda na baadhi ya vituo hufungwa. Bei ya kilele ya Julai 2008 iliangukia wakati ambapo boti zimepumzika, lakini huo ndio wakati ambao mgeni wa mbali hupanga safari ya msimu ujao. Ilipofika Desemba 2008 pipa lilikuwa chini ya dola 50. Bei ilikuwa imeshuka, ilhali aliyekuwa amekwisha kubadilisha mpango hangerudi kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Si sahihi kuyalaumu mafuta kwa masaibu yote ya mwaka huo. Ghasia zilizozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza watalii wengi, na msukosuko wa fedha duniani uliotokea mwishoni mwa mwaka 2008 uliipunguza mifuko yao. Mafuta yalikuja kuongeza uzito juu ya mzigo uliokuwapo.

Mgeni na Mwenyeji katika Boti Moja

Bei ya mafuta nchini Kenya haifuati soko la dunia peke yake. Hutegemea pia kodi na thamani ya shilingi, hasa kwa kuwa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013 na nchi ikawa inaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Julai 2023 kodi ya thamani iliyoongezwa kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo lita ya petroli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200, ingawa pipa la mafuta ghafi halikuwa limefika dola 100.

Sababu mojawapo ni kushuka kwa shilingi. Katikati ya mwaka 2008 dola moja haikufika shilingi 70. Septemba 2023 ilikuwa imevuka shilingi 140. Kwa hiyo wazamiaji wawili wanaoketi bega kwa bega katika boti moja hawalipi sawa. Mgeni anayebadilisha dola au yuro hupunguziwa makali na udhaifu wa shilingi. Mwenyeji anayelipwa kwa shilingi hubeba makali yote. Pana hatari, basi, kwamba bahari ya Watamu itatazamwa kwa ndani na wageni zaidi kuliko wana wa nchi.

Athari hazikomei kwa mzamiaji. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na ada za wageni huchangia ulinzi wake. Wageni wanapopungua, ada hupungua. Na mvuvi aliyeacha nyavu ili kuendesha boti za watalii huweza kurudi kuvua. Aidha, kuna kitendawili kisichopaswa kufichwa. Mafuta yanayomfikisha mzamiaji kwenye matumbawe huchangia joto linaloyaua. Mwaka 1998 joto la bahari lilisababisha vifo vingi vya matumbawe katika pwani hii. Mafuta ghali humwumiza mwenye boti leo, na mafuta yanayochomwa bila kiasi yatamuumiza kesho.

Upepo, Maji na Maarifa

Zamani jahazi zilikuja Afrika Mashariki kwa kaskazi na kurejea Arabuni kwa kusi. Upepo haukuwa na bei, lakini ulimpangia nahodha ratiba. Injini ilimpa uhuru wa ratiba na kumfunga kwa bei ya petroli. Si lazima pwani irudi kwenye tanga ili kupunguza gharama. Kupunguza mwendo huokoa mafuta, na injini za mipigo minne hutumia mafuta machache kuliko zile za zamani za mipigo miwili.

Zaidi ya hayo, nahodha anayejua bahari hatumii mafuta kushindana nayo. Hutoka na maji yanayokupwa na kurudi na yanayojaa. Hujua kwamba wakati wa bamvua mikondo huwa mikali, na kwamba maji mafu humpa mzamiaji utulivu. Maneno kama bamvua, maji mafu, kilindi na mkondo si mapambo ya lugha. Kila moja limehifadhi elimu ya karne nyingi, na katika zama za mafuta ghali elimu hiyo ina thamani ya fedha taslimu. Aghalabu kozi za uzamiaji hufundishwa kwa lugha za kigeni, na msamiati huu huachwa ufuoni. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kuukusanya kutoka kwa manahodha na kuutumia kuundia istilahi za fani hii, kabla haujazama pamoja na wenyewe.

Hitimisho

Ni bayana kwamba kupanda kwa bei ya mafuta hakufungi bahari, huchuja wanaoingia. Mwenye fedha za kigeni hukawia, kisha huja. Mwenyeji wa kipato cha wastani huahirisha. Nahodha husubiri ufuoni boti ijae. Yeyote anayepanga kuzamia anaweza kupunguza dhara hili kwa kusafiri pamoja na wenzake, kukaa muda mrefu zaidi, kukodi vifaa vya mwenyeji na kuzamia miamba ya karibu. Nao wenye boti wakikubaliana kuunganisha wateja wao siku ambazo ni wachache, lita zile zile 40 zitawalisha wengi badala ya kumfilisi mmoja.