Maji ya kufulia: tuyamwage au tuyapeleke bustanini?

Katika darasa letu la kisomo liliulizwa swali moja ambalo lilileta ubishi mkubwa. Mama mmoja alisema: "Mimi natembea saa nzima kutafuta maji. Nikishafua nguo, namwaga ndoo tatu nzima uani, na huku mchicha wangu unakauka. Je, ni dhambi kuumwagilia maji hayo?" Wengine wakasema sabuni ni sumu. Wengine wakasema eti sabuni ni mbolea. Basi tukaona tulitafutie swali hili jibu lake.

Sisi wa Dodoma tunajua thamani ya maji. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki, kila ndoo ni mali. Ndoo tatu za lita 20 ni lita 60. Hizo zatosha mipapai sita, kila mmoja ukipata lita kumi. Kwa hiyo yule mama hakuuliza jambo dogo.

Jibu letu ni hili: maji ya kufulia yanafaa, lakini si kwa kila mmea, na si kila siku mahali pale pale.

Kwanza tuitazame sabuni yenyewe. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Sabuni ya unga nayo ina chumvi nyingi za namna hiyo hiyo. Ndani ya chumvi hizo mna kitu kiitwacho sodiamu, kile kile kilichomo katika chumvi ya kupikia. Mimea mingi haina haja nacho. Kikizidi katika udongo wa mfinyanzi, chembechembe za udongo huachana, zikatapanyika na kuziba vijitundu vinavyopitisha maji na hewa. Jua likiwaka, ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Tena magadi hayo huzuia mmea usipate madini ya chuma, ndiyo maana majani machanga huanza kuwa ya manjano.

Haya hatukuyasoma vitabuni tu. Katika bustani ya darasa letu tulikuwa na tuta moja karibu na mahali pa kufulia. Kwa viangazi viwili tulimwaga hapo maji ya sabuni ya unga, tena tukijisifu kwamba hatupotezi kitu. Kiangazi cha kwanza mchicha ulistawi sana. Cha pili, tukaona utando mweupe juu ya udongo. Maji tuliyomwaga yalisimama tu, hayakuzama. Mbegu zikagoma kuota. Jamani, tulilaumu mbegu, tukamlaumu na muuza mbegu, kumbe wakosaji ni sisi wenyewe.

Udongo wa kichanga huvumilia zaidi, kwa sababu mvua huosha chumvi ikashuka chini. Udongo mweusi wa mbugani hauvumilii. Na pale ambapo maji ya kisima yenyewe yana chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za kwetu, mzigo unakuwa wa pili juu ya wa kwanza.

Sasa tufanyeje? Tutenganishe maji. Maji ya beseni la kwanza, yenye povu na uchafu mwingi, tusiyapeleke bustanini. Tuyatumie kusafishia choo. Maji ya kusuuzia ndiyo ya mimea. Tuyamwage kwenye migomba, mipapai, miembe na miti ya kivuli, leo mti huu, kesho mti ule. Tuyamwage chini kwenye shina, si juu ya majani. Kila baada ya muda mti upate maji safi, na mvua ikianza tuache kabisa, ili iyaoshe yaliyobaki. Tukitia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maji hayo yasiguse mmea wowote.

Hatari ya pili haionekani kwa macho, nayo ni vijidudu. Maji yaliyofulia nepi za mtoto au nguo za mgonjwa wa kuhara yamebeba ugonjwa. Hayo tuyamwage chooni. Hata maji mengine ya kufulia tusiyatie kwenye vitu vinavyoliwa vibichi, kama nyanya na kabichi za kachumbari, wala karoti na vitunguu vinavyokaa udongoni. Mchicha na sukuma wiki, kwa kuwa hupikwa, vyaweza kupata maji ya kusuuzia kidogo kidogo, ila vioshwe vizuri kwa maji safi kabla ya kupikwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2006 juu ya kutumia maji machafu katika kilimo, na kitabu chake cha nne kinazungumzia maji kama haya ya nyumbani.

Tena tusiyaweke. Maji ya kufulia yakilala zaidi ya siku moja, vijidudu huongezeka na harufu huanza. Dimbwi nalo ni nyumba ya mbu.

Watu wengine huchuja maji kwa mchanga na mkaa. Ni vizuri, kwani takataka na mafuta hubaki juu. Lakini chumvi hupita kama ilivyo, hivyo chujio lisitudanganye.

Maji ya kuoshea mchele na maharage hayana neno, mwaga popote. Maji ya kuoshea nyama au vyombo vyenye mafuta huleta nzi, afadhali yaende kwenye shimo la taka za mboji. Siku hizi umeme umefika vijiji vingi na wengine wana friji. Barafu ya friji ikiyeyuka ni maji yasiyo na chumvi, yanafaa, mradi damu ya nyama haikuchanganyika. Lakini maji ya betri ni tindikali, na maji ya kuoshea bomba la dawa ya shambani ni sumu. Hayo yasikaribie bustani wala kisima.

Na lile tuta letu? Tulilitia samadi madebe mengi, tukachanganya na jasi, ile inayochimbwa Itigi na Makanya, ambayo husaidia kuitoa sodiamu udongoni. Kisha tukaiachia mvua. Baada ya masika, mchicha uliota upande mmoja. Upande wa karibu na beseni bado ni mgumu.