Programu Njema Haimtatizi Nyanya

Ukiwa ufuoni Shelly Beach, Likoni, na mwanao ahitaji karo ng'ambo ya feri, huna haja ya kuvuka, utaitoa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wengi wameitumia bila kwenda darasani. Siri ni nini? Huuliza jambo moja moja: namba ya simu, kiasi, namba ya siri. Kisha hukuonyesha jina la mpokeaji, ili ukikosea tarakimu usitishe mapema, karo isimwendee mtu baki.

Nawe mwanafunzi unayetaka kubuni programu ya simu, anza na karatasi. Chora kila hatua, mpe nyanya yako ajaribu, nawe unyamaze utazame. Akikwama, usimlaumu, rekebisha mchoro.