Je, Wajua? Sauti za Redio Zilizotulea Oyugis na Nyanza Kusini

Oyugis imekaa kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Kisii, mahali ambapo Wajaluo na Wagusii wanakutana sokoni. Kwa miongo mingi watu wa hapa walipata habari, muziki, mafunzo na hata taarifa za misiba kwa njia ya redio. Watangazaji waliingia nyumbani mwao kama jamaa, ingawa wengi wao hawakuwahi kuonekana sura. Haya hapa machache ya kuwakumbuka.

1. Homa Bay ilikuwa na redio yake mwaka 1982

Kabla neno "redio ya jamii" halijazoeleka Afrika, mji wa Homa Bay ulikuwa nayo. Kituo hicho kilianza mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, kikiwa na mtambo mdogo wa FM wa gharama nafuu, na kilitangaza kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Hutajwa mara nyingi kuwa redio ya kwanza ya jamii barani Afrika. Wakati huo Homa Bay ilikuwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, iliyojumuisha Oyugis na Migori. Serikali ilikifunga mwaka 1984, na Kenya ikakaa miaka mingi kabla ya kuruhusu vituo vingine vya aina hiyo. Waliokianzisha wanastahili kutajwa kila historia ya utangazaji inapoandikwa.

2. Mwaka huohuo, sauti moja ilitumiwa na pande mbili

Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa Jeshi la Anga waliojaribu kupindua serikali walimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka kwenye redio ya taifa, Sauti ya Kenya, na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imeangushwa. Baadaye siku hiyo, jaribio lilipozimwa, ni yeye tena aliyewatangazia Wakenya kwamba serikali ya Rais Moi ingali madarakani. Pande zote mbili zilijua kwamba wananchi wangeamini wakisikia sauti waliyoizoea.

3. Kipindi cha adabu kiliishi zaidi ya nusu karne

Mbotela alianzisha "Je, Huu Ni Uungwana?" mwaka 1966. Hakikuwa na siasa wala vituko. Alieleza jambo ambalo watu hufanyiana, kama vile kukopa bila kulipa au kumsumbua jirani, kisha akamwachia msikilizaji swali lilelile la kichwa cha kipindi. Kutoka Mombasa hadi Oyugis, swali hilo liliingia katika mazungumzo ya kila siku, na mpaka leo mtu akikosewa adabu huuliza, "Je, huu ni uungwana?" Mbotela aliaga dunia Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84.

4. Mwandishi Grace Ogot alikuwa mtangazaji

Wengi wanamjua Grace Ogot kwa riwaya yake *The Promised Land* ya mwaka 1966, au kwa *Miaha*, aliyoiandika kwa Dholuo. Kabla ya hapo alisomea uuguzi, kisha katika miaka ya 1950 akafanya kazi BBC mjini London akiandika na kutangaza katika kipindi cha "London Calling East and Central Africa". Aliendesha pia kipindi cha redio kwa Dholuo kilichopendwa sana.

5. Sauti ya Kenya haikuwa jina la kwanza

Redio ilianza Kenya mwaka 1928, ikiwalenga hasa walowezi wa Kizungu. Shirika la utangazaji la KBC liliundwa mwaka 1961, likataifishwa mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya (Voice of Kenya), kisha likarudishiwa jina la KBC mwaka 1989. Ndiyo maana wazee wengi bado husema "VoK" wakitaja vipindi vya zamani.

6. Usiku dunia ilisogea karibu

Mchana, tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme hufyonza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mawimbi hupaa hadi tabaka la juu, yakaakisiwa na kushuka mbali sana. Kwa sababu hiyo, msikilizaji wa Nyanza aliyeshindwa kupata kituo cha mbali saa saba mchana alikisikia vizuri saa tatu usiku. Kwa masafa mafupi nako alizisikia idhaa za Kiswahili: ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1963.

7. Betri zilianikwa juani

Betri zikichoka, zilitandazwa juani ili baba asikose taarifa ya habari ya saa moja. Haikuwa imani tupu. Joto huharakisha mmenyuko wa kikemikali ndani ya betri ya zinki na kaboni, hivyo hutoa nguvu kidogo za ziada kwa muda mfupi. Nyingi zilikuwa za Eveready, zenye picha ya paka, zilizotengenezwa katika kiwanda cha Nakuru hadi kilipofungwa mwaka 2014.

8. Redio ilifundisha kwa hadithi

Mwaka 1987 redio ya taifa ilianza kurusha mchezo wa "Ushikwapo Shikamana", uliotumia visa vya familia kuzungumzia uzazi wa mpango. Watu walifuata maisha ya wahusika wiki baada ya wiki, na mafunzo yakaingia pamoja na hadithi.

9. Matangazo ya vifo yaliwanyamazisha wote

Kabla ya simu za mkononi, familia ililipia tangazo redioni ili jamaa walio Nairobi, Mombasa au Kampala wajue nani amefariki na lini atazikwa. Wakati wa matangazo hayo ulipofika, hata watoto waliambiwa wanyamaze. Mtangazaji aliyeyasoma majina hayo kwa utulivu na kuyatamka sawasawa aliwafanyia wafiwa heshima kubwa.

Leo vituo vya Dholuo, kama Ramogi FM iliyopewa jina la babu wa Wajaluo, vinasikika hata kwenye simu. Hilo ni jambo jema, lakini waliofungua njia wanazidi kututoka. Msomaji, kama nyumbani kuna kanda za kaseti zenye vipindi vya zamani, usizitupe; zihamishe kwenye simu au kompyuta. Na kama mzazi wako bado anawakumbuka watangazaji wa ujana wake, mketishe, umrekodi akiwataja kwa majina.