Wachoraji wa Nuru (3): Serov na Binti wa Mapichi

Wiki iliyopita tulikuwa Ufaransa na Camille Pissarro. Leo twende Urusi, kwenye nyumba ya shamba ya tajiri wa reli Savva Mamontov, huko Abramtsevo, karibu na Moscow. Kiangazi cha mwaka 1887, Valentin Serov, kijana wa miaka 22, alimwomba Vera, binti wa mwenye nyumba, mwenye miaka 11, akae mezani amchore.

Katika picha hiyo, binti amevaa blauzi ya waridi na mkononi ana pichi. Mengine yapo juu ya kitambaa cheupe, karibu na kisu. Dirisha liko nyuma yake. Kitambaa kile, ukikisogelea, weupe mtupu huuoni: kuna buluu, kuna kijivu, na waridi la blauzi limetua humo. Hiyo ndiyo elimu ya impresheni. Kitu hupokea rangi za majirani zake na za mwanga unaokiangukia, na hata kivuli kina rangi yake.

Ukiiona utadhani ilichorwa asubuhi moja, binti akiwa ameingia mbio kutoka bustanini. Vera alikalishwa pale zaidi ya mwezi! Serov hakuwa mwepesi wa kumaliza kazi. Alichokitafuta ni ule upya wa kitu kinachoonwa kwa mara ya kwanza, akataka usipotee hata picha ikikamilika. Wengi huupata kwenye rasimu ya haraka, kisha huuzika chini ya rangi. Yeye aliulinda wiki baada ya wiki, na kwangu mimi huo ndio ukubwa wake.

Misingi alikuwa nayo. Alizaliwa St Petersburg mwaka 1865, wazazi wote wawili watunzi wa muziki. Ilya Repin alimfundisha tangu utotoni, kisha Pavel Chistyakov akamnoa katika Chuo cha Sanaa.

Katika picha za mandhari aliacha kabisa rangi za shangwe. "Oktoba. Domotkanovo", ya mwaka 1895, ina anga ya kijivu, nyasi zilizonyauka, farasi wachache na mchungaji mdogo aliyeketi. Hakuna cha kupendeza macho kwa makusudi, lakini baridi ya siku ile unaihisi.

Wiki ijayo: picha ya Tsar Nicholas II, na kwa nini Serov alijitoa katika Chuo cha Sanaa mwaka 1905.