Mwenzi Wako Ameungua? Iangalie na Sahani Yake!

Mtu wako akiungua, akili yote inakimbilia dawa ya kupaka. Sawa, lakini anakula nini? Swali hilo niliulizwa wodini mwaka ule mume wangu alipomwagikiwa mafuta ya moto tumboni na mapajani, na jibu lake kila mwenye mwenzi anapaswa kulijua.

Kwa nini protini?
Ngozi mpya hujengwa kwa protini. Tena majimaji yanayovuja kwenye kidonda huondoka nayo. Kwa aliyeungua sehemu kubwa, mwili hufanya kazi kwa kasi, utadhani anakimbia huku kalala. Asipopata chakula cha kutosha, mwili unakula misuli yake wenyewe. Anakonda, kidonda kinachelewa kufunga, na vijidudu vinapata mwanya.

Kiasi gani?
Mtu mzima mwenye afya anahitaji gramu 0.8 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Aliyeungua vibaya anahitaji 1.5 hadi 2. Mume wangu ana kilo 70, kwa hiyo kutoka gramu 56 tulitakiwa kufika 105 hadi 140! Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Uji mtupu utamfikisha wapi?

Mama mkwe naye?
Kwetu hapo ndipo palipowaka. Mama alisema mayai na maharage yatatia usaha kwenye kidonda. Mume kanyamaza, mimi nina sufuria mkononi. Sikubishana naye. Nilimwomba tuongozane kliniki, amuulize mtaalamu wa lishe mwenyewe. Kesho yake nani alikuwa anakoroga maziwa na karanga za kusaga kwenye uji? Mama!

Ufanyeje?
Maumivu huua hamu ya kula, hivyo mpe kidogo kidogo, hata mara sita kwa siku. Ugali na wali usimwondolee. Mwili ukikosa nguvu, unaichoma protini kama kuni. Ongeza matunda na mboga. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kumuuliza daktari. Na chakula hakichukui nafasi ya hospitali, vinakwenda pamoja.

Maua na kadi vitasubiri, mpenzi msomaji. Leo mpelekee samaki.